Kanda Niliyosema Nimeichoma

Admin, nifichie jina langu, na la kanisa letu pia ulifiche, maana hapa Changamwe tunajuana. Najua baadhi ya kina mama wenzangu wanafuata ukurasa huu na watanitambua kwa maneno yangu. Basi wanitambue.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nina mume na watoto watatu wakubwa. Mume wangu anafanya kazi kule Kipevu, kufunga makontena melini. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, na kwa miaka kumi na minane nimekuwa kiongozi wa kwaya ya kina mama. Nimeokoka, na wokovu wangu siuchezei. Haya ninayoandika yamenikaa kooni, ndiyo maana nayatoa.

Mwezi uliopita tulikuwa tunajiandaa kwa sherehe ya kwaya kutimiza miaka thelathini. Mama mchungaji akaleta wazo zuri tu: kwenye grupu yetu ya simu, kila mama achague albamu moja ya miaka ya tisini anayoipenda kuliko zote, aseme kwa nini. Itakayotajwa na wengi itapigwa siku ya sherehe. Grupu ikachangamka wiki nzima. Wengi walichagua kanda ya kwaya yetu wenyewe, tuliyorekodi miaka hiyo, na wimbo wake wa kwanza mimi ndiye niliyeuanzisha peke yangu. Kila mtu alingojea niitaje hiyo. Kweli ni nzuri, sikatai. Lakini niliulizwa ninayoipenda kuliko zote, na mimi nikiulizwa na kanisa nataka kujibu kweli.

Nikataja kanda ya mwanzele. Kwa msiojua, mwanzele ni ngoma yetu sisi Wagiriama, ya arusi na matanga. Hiyo niliyoitaja ilirekodiwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya tisini na kikundi cha kijijini kwetu, na marehemu mamangu alikuwa mmoja wa waitikiaji. Upande wa pili, wimbo wa tatu, mwenye kuanzisha sauti inamkauka, na mama anaudaka wimbo, anauimba peke yake mpaka mwisho, kisha anakohoa na watu wanacheka. Mama alifariki kabla sijaokoka. Hakuacha picha ila ile ya kitambulisho. Sauti yake imo mle tu.

Sasa shida si mwanzele peke yake. Shida ni kwamba kanda hiyo ilitakiwa iwe majivu zamani. Nilipookoka, desturi ya kanisa letu ilikuwa anayeokoka alete vitu vyake vya dunia, hirizi, kanda, chochote, vichomwe kwenye pipa pale uani baada ya ibada, watu wakiimba. Mimi nilipeleka kasha la ile kanda, lenye picha ya kikundi juu, ndani nimetia kanda nyingine iliyoharibika. Likateketea, nami nikashuhudia kwamba dunia nimeimaliza. Kanda yenyewe nikaishonea ndani ya mto wa sufi. Nikibaki peke yangu nafumua ncha, nasikiliza, nashona tena. Nimeulalia mto huo miaka yote.

Haikupita saa moja, mama mmoja tuliyeokoka pamoja akaandika kwenye grupu, "Mama kiongozi, hiyo si ndiyo uliyochoma sote tukiona? Ama ilifufuka siku ya tatu?" Wakacheka wee. Ningeweza kusema nilinunua nyingine. Nikaandika kwamba sikuichoma, nilidanganya, na naomba msamaha kwa uongo huo.

Mama mchungaji akaniita kwake, akanipa chai, akasema nami kwa upole. Kwamba msamaha wa mdomo hautoshi. Kwamba siku ya sherehe nije na kanda, ichomwe mbele ya watu kama ilivyopasa tangu mwanzo, na nikikataa nirudishe sare na uongozi.

Nikamwambia, "Mama, uongo wangu nitauungama mbele ya kanisa lote, tena kwa magoti. Lakini sauti ya mamangu haijamkosea Mungu."

Akasema, "Mpende mamako, ila usimwabudu."

Neno hilo nilitembea nalo mpaka nyumbani. Mume wangu akasema nichome tu, watu wanyamaze. Binti yangu wa mwisho akaleta ujanja wake: "Mama, mbona rahisi? Nakuhamishia kwenye simu, halafu wachomee hiyo plastiki. Sauti unayo, sare unayo." Babake akacheka, akasema mtoto ana akili.

Mimi sikucheka. Nilimtazama mwanangu nikajiona mimi mwenyewe ujanani, nimeshika kasha mbele ya pipa. Nikamwambia ahamishe, sauti isije ikapotea, lakini kuchoma sichomi. Nilimdanganya Mungu kwa moto mara moja. Mara ya pili haipo.

Sherehe ni Jumapili ijayo. Mto nimeufumua, kanda nimeiweka kabatini kando ya Biblia, kila anayeingia aione. Sare nimeifua na kuipiga pasi, nitaiweka mezani kwa mama mchungaji mwenyewe, bila matusi. Kwa hiyo, ndugu zangu, kuhusu kuchoma msinishauri, hilo nimelimaliza.

Ninalowauliza ni hili. Albamu iliyotajwa na wengi ni ile ya kwaya yetu, na ndiyo itakayopigwa. Sauti ya kwanza kutoka kwenye spika itakuwa yangu. Wenzangu wa kwaya wanataka, nikisharudisha sare, nikae viti vya nyuma kama mgeni, ninyamaze. Moyo wangu unaniambia nikae safu ya kwanza, nimevaa leso zangu, na wimbo ukianza nisimame niuimbe. Mliowahi kuvuliwa sare mkabaki na Mungu wenu, nyie mlikaa wapi?