Shauri la Firigisi

Anyosisye aliingia chuo cha ualimu akiwa na ndevu, mke na watoto wawili, jambo ambalo wenzake hawakuchoka kumkumbusha. Kabla ya hapo alikuwa mchuuzi. Alibeba maharage kutoka Mbebe mpaka Tunduma, akavuka mpaka, akarudi na chumvi na vitambaa, pamoja na Kibemba cha kutosha kumkatalia mtu bei bila kumuudhi. Ualimu hakuufuata kwa wito. Aliona tu kwamba maharage huoza na vitambaa huliwa na panya, lakini mshahara wa mwalimu haunyeshewi mvua. Akauza baiskeli yake, akaja kukaa dawati moja na vijana waliomwita babu.

Chuo kilikuwa cha misheni, juu ya kilima upande wa Itaka, mibuni kila upande. Enzi hizo za Mwingereza mtu mwenye cheti cha ualimu alipewa kiti popote alipoingia. Anyosisye alikuwa amebakiza muhula mmoja akipate chake, ndipo jogoo alipokuja kuharibu mambo.

Jogoo huyo alikuwa zawadi kwa meza ya mwaka wa mwisho, baada ya mkaguzi wa shule kuondoka ameridhika. Sasa, firigisi huko hailiwi ovyo. Ni ya mkubwa. Na mkubwa wa meza ni nani? Efraimu, kiranja mkuu, kijana aliyevaa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kulima, alisema ni yeye, kwa cheo. Anyosisye akasema ni yeye, kwa umri. Kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, wote wawili walinyatia jikoni kabla ya kengele ya chakula, na huko wakakutana uso kwa uso juu ya bakuli la mchuzi.

"Cheo umepewa na Bwana Mkuu," alisema Anyosisye. "Umri nimepewa na Mungu. Haya, nani mkubwa?"

Efraimu alitumbukiza vidole kwenye bakuli. Anyosisye akashika upawa. Yaliyofuata kila mmoja aliyasimulia kivyake, ila mwisho wake ulionekana na watu wote: bakuli chini, mchuzi kwenye shati la kiranja, na uvimbe kwenye paji la uso wake. Efraimu akashtaki kwamba amepigwa upawa. Na kumpiga kiranja, kwa sheria za chuo, ni kufungasha mizigo. Cheti hakuna.

Baraza la nidhamu lilikaa ofisini kwa Bwana Mkuu, mkuu wa chuo, Mzungu ambaye hakuwa hata na mwaka mmoja nchini. Kulia kwake alikaa Mwalimu Sadoki, mtu wa Tabora. Kushoto alikaa Mzee Lwitiko, mzee wa kanisa, Mndali wa Ileje kama Anyosisye mwenyewe. Shahidi alikuwa mmoja tu, Yunisi, mama aliyepika siku ile.

Yunisi akaitwa. Akafika mlangoni, akainua macho, akamwona Mzee Lwitiko. Alijifunika kanga kichwani akatimka, moja kwa moja kwenye mibuni. Mzee Lwitiko naye alikuwa ameshageukia ukuta, anakagua chokaa kana kwamba ndiye aliyeipaka.

"Kwa nini shahidi anakimbia?" Bwana Mkuu aliuliza.

"Amehongwa, Bwana," alisema Efraimu. "Huyu babu ni mchuuzi. Ananunua chochote."

Efraimu alijua vizuri kwamba Yunisi ni mkamwana wa Mzee Lwitiko, na kwamba kwao mkamwana haonani na baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, wala jina lake halitaji. Ila siku hiyo ujuzi huo haukuwa na faida kwake, akaufungia mfukoni. Mwalimu Sadoki alikuwa mgeni wa mambo hayo. Mzee Lwitiko alikohoa tu. Bwana Mkuu akaandika kitu, akasema anakwenda kunywa chai kwanza.

Anyosisye alimfuata mzee nyuma ya ofisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mshtakiwa haongei na baraza."

"Siongei na baraza. Naongea na baba mkwe wa Yunisi."

Mzee akatazama huku na huku. "Punguza sauti, wewe!"

"Akiitwa tena, toka nje."

"Nitoke niseme nini? Juzi nimesimama kanisani mbele ya Bwana Mkuu nikasema hayo ya mkamwana kukimbia ni mambo ya giza, tumeyaacha."

"Nilikuwepo, mzee. Ulisema vizuri. Yunisi naye alikusikia, akiwa nyuma ya nguzo."

Mzee alibana midomo asicheke. "Unataka utoke salama. Mimi napata nini?"

Anyosisye akajua amekutana na mchuuzi mwenzake. "Nitakukataa mimi. Nitasema sikutaki barazani, unanionea. Wewe utoke umekasirika. Mtu aliyekasirika haulizwi anakwenda wapi."

"Kunivunjia heshima kuna adhabu."

"Ipi?"

"Kupalilia kahawa yangu. Yote, mpaka mtoni."

"Mpaka kwenye mparachichi."

"Mtoni."

"Mzee, nina vitabu vya kusoma!"

"Ukifukuzwa utavisomea wapi?"

Mwenye shida hapunguziwi bei. Anyosisye alikuwa amewafanyia hivyo watu wengi Tunduma. "Mtoni," akasema.

Chai ilipokwisha alisimama akamkataa Mzee Lwitiko kwa maneno makali kiasi kwamba Sadoki alishika kichwa. Mzee aliondoka akitikisa fimbo, akaenda kukaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, asikoonekana ila anakosikia kila kitu.

Yunisi akarudi, akaketi, akaeleza kama mtu anayechambua maharage.

"Hakuna aliyempiga mwenzake. Huyu alivuta bakuli, huyu akavuta upawa, mchuzi ukamwagika. Huyu kiranja akainama kuokota kilichoanguka, akajigonga kwenye ukingo wa meza. Nilimwambia pole. Hakuitika."

"Firigisi?" aliuliza Sadoki, maana jambo hilo lilikuwa linamkera tangu asubuhi.

"Firigisi gani? Alichookota ni kiazi."

Efraimu alitazama vidole vyake.

"Kiazi kilichoungua upande mmoja," Yunisi aliendelea. "Firigisi niliitoa mapema. Ilikwenda kwa mkubwa kuliko wote hapa misheni, kama inavyotakiwa."

"Mkubwa huyo ni nani?" aliuliza Bwana Mkuu.

Yunisi akainamisha kichwa. Nje ya dirisha mtu alipaliwa, akakohoa mpaka benchi likalia.

"Bwana," Anyosisye aliwahi, "aliyekula ameshakula. Shauri letu ni la kiazi."

Sadoki aliangua kicheko, na baraza halikuweza tena kukunja uso. Walioshtakiana wote wawili wakahukumiwa kupasua kuni za jikoni, na Anyosisye, kwa kumkosea adabu mzee wa kanisa, akaongezewa kupalilia kahawa yake. Lakini jina lake lilibaki kwenye orodha ya mtihani.

Wiki iliyofuata alikuwa shambani, mgongo unamuuma, mto bado uko mbali, mzee amesimama kandokando akimwonyesha magugu aliyoyaruka. Ghafla Yunisi akatokea njiani na ndoo ya maji. Kumwona mkwe, akaweka ndoo chini akazama kwenye mibuni. Mzee naye akakumbatia mbuni wa karibu, uso kwenye majani. Anyosisye akabaki katikati na jembe.

"Mzee, Bwana Mkuu yule anakuja. Akiuliza unatafuta nini humo, nimjibuje?"

"Sema natafuta wadudu wa kahawa."

"Hiyo ni kazi nyingine, mzee. Na siri ya firigisi siku ile niliibeba bure."

Majani yalitulia kidogo.

"Mwisho kwenye mparachichi," ilisema sauti kutoka ndani ya mbuni.

"Upande huu wa mparachichi," alisema Anyosisye, akaegemea jembe kungoja jibu.