Mkokoteni Unaowavuta Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Shule alinipeleka jikoni. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti changu cha fizikia, nimevaa sketi niliyoipiga pasi mpaka inasimama yenyewe, nikafika kwenye sekondari moja upande wa Ikoma, karibu na geti la hifadhi. Yule mzee akanitazama, akafurahi kweli kweli, akasema, "Karibu sana! Mwalimu wa mapishi tumemsubiri muda mrefu." Akanionyesha sufuria moja moja. Nikazisifu, maana nilikuwa mgeni, kisha nikamwambia, "Mkuu, mimi naitwa Ghati. Ni mwalimu wa fizikia." Akacheka sana. Alipoona mimi sicheki, akanipeleka darasani.

Ninyi walimu mnaoanza leo, mna simu zenye picha za kila kitu. Sisi mada ya nguvu na mwendo tuliifundisha kwa kitabu kimoja cha Kiingereza kilichojaa picha za watoto wa Ulaya wanaoteleza kwenye barafu. Barafu! Mtoto wa Ikoma ameiona wapi? Baba yake ni askari wa wanyamapori, mama yake analima mtama. Nikakifunga kile kitabu, nikawauliza kuhusu simba na swala. Mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka, wakaupata kwa simba anavyochomoka kwenye nyasi. Binti mmoja wa kabila la Wanata akaniambia swala huponea kwenye kona, kwa sababu simba mzito anapitiliza. Nikamwambia hiyo ndiyo inesha, ule ukaidi wa kitu kizito kubadili mwendo wake. Nilirudi nyumbani naimba peke yangu njiani.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Genkuru, kule Tarime. Nilidhani nimepata bahati, kwani kwetu ni Nyanungu, si mbali. Kumbe nimeingia kwenye moto. Ilikuwa miaka ya dhahabu. Kila aliyekuwa na sururu alikuwa anachimba, na kila aliyekuwa na ng'ombe alikuwa anasomba mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, ndiyo mashimo yenyewe, kuyapeleka kwenye karasha yakasagwe. Darasa langu la kidato cha tatu lilianza mwaka limejaa hadi dirishani. Mvua zilipoanza, nilikuwa nafundisha madawati.

Mkuu wa Shule wa pale alikuwa mtu wa historia, na tai yake hakuivua hata kwenye joto. Fizikia aliiita somo la hasara. Siku moja akaniita ofisini.

"Mwalimu Ghati, Mkaguzi wa Mkoa anakuja mwisho wa mwezi," akasema. "Maabara hatuna. Wanafunzi huna. Akikuta hali hii, fizikia inafutwa hapa, na hao wachache wako wanahamia historia. Jiandae tu kisaikolojia."

"Sijiandai," nikamjibu.

"Unasemaje?"

"Nimesema sijiandai, Mkuu. Akija atakuta darasa."

Nilitoka pale, na mgongo wangu hakuuona ukiinama. Nami sikuwa napigania jina la somo tu. Kati ya wale wachache waliobaki alikuwapo Wankyo. Binti huyu alitoka Nyanungu kama mimi, anakaa kwa shangazi yake, na baba yake, Mzee Nyamhanga, alikuwa amekubali asome kwa sharti moja tu: awe anajifunza habari za mashine. Nilikwenda kwake kumpima, nikamuuliza kwa heshima ya Kikurya, "Tata, na akihamishiwa historia?" Mzee akaangua kicheko. "Historia? Historia ni mimi mwenyewe! Arudi nyumbani, nitamfundisha jioni akimaliza kukamua." Alikuwa anacheka, lakini nilimjua. Fizikia ikifutwa, Wankyo anarudi kukamua.

Sasa wavulana waliokimbilia dhahabu nawapataje? Kuwabembeleza sikuweza, na kuwatisha wasingetishika. Walikuwa wameshaonja kujitegemea. Jumamosi moja baada ya mvua nikamkuta Mwita barabarani. Huyu ndiye alikuwa kichwa cha wavulana wote, akihama wanahama. Mkokoteni wake wa mawe ulikuwa umezama kwenye tope, jozi mbili za ng'ombe zinavuta, kwato zinateleza, naye anapiga kelele mpaka sauti imekauka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Naona mkokoteni unawavuta ng'ombe."

"Ng'ombe wanauvuta mkokoteni, mwalimu."

"Na mkokoteni unawavuta ng'ombe kurudi nyuma. Kwa nguvu ile ile, bila kupungua hata kidogo. Ndiyo sheria ya tatu ya mwendo."

Mwita akaweka kiboko begani. "Aa, mwalimu, hapo umenidanganya. Nguvu zikilingana, si mkokoteni usingesogea hata siku moja? Na jana umetoka duarani umefika karashani!"

"Hata usipozama, nguvu hizo zinalingana."

"Haiwezekani!"

"Jibu liko darasani. Jumatatu asubuhi," nikasema, nikapandisha sketi nisiguse tope, nikaenda zangu. Nyuma yangu nikamsikia anawaita wenzake waje wasikie mwalimu alivyochanganyikiwa.

Mimi ni Mkurya, nawajua watu wangu. Umtukane, atakurudishia mkalingana. Umwache na ubishi ambao haujaisha, hatakula vizuri. Jumatatu Mwita alikuwa mlangoni, na nyuma yake wenzake kumi na zaidi, wengine wana udongo wa duarani masikioni. Hawakuja kusoma, jamani. Walikuja kunishinda.

Sikuwapa jibu. Nikawapa sheria ya kwanza, kwamba kitu hakibadili mwendo wake mpaka nguvu kutoka nje ikiguse. Wakabishana. Kesho yake nikawapa ya pili, wakabishana zaidi. Nikawapa msuguano, ile nguvu inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze. Niliwaacha wabishane kwa Kiswahili na Kikurya mpaka jambo likaeleweka, halafu ndipo tukalivisha Kiingereza cha mtihani. Kila siku Mwita aliuliza, "Na ng'ombe, mwalimu?" Nami namwambia bado. Alikuja wiki nzima, akaja na ya pili. Wankyo alikuwa ameshalijua jibu, nilimwona machoni, lakini naye aliuma midomo.

Mkaguzi akafika. Mtu mrefu, mkavu, viatu vinang'aa. Mkuu wa Shule akamwongoza mpaka uwanjani kwetu, tai imekazwa vizuri.

"Maabara iko wapi?" Mkaguzi akauliza.

"Ile inakula majani pale," nikamjibu, nikimwonyesha ng'ombe wa Mwita na mkokoteni wake, niliomwagiza aje nao.

Mkuu wa Shule alifumba macho. Mkaguzi hakucheka. Akawageukia wanafunzi, akauliza swali lile lile, kana kwamba ametumwa: ng'ombe na mkokoteni wanavutana kwa nguvu sawa, mbona unakwenda? Loo! Darasa likalipuka. Kila mmoja na lake, Mwita juu ya wote akisema sheria yenyewe ina kasoro. Nikaona kalamu ya Mkaguzi inasogea kwenye karatasi, nikadhani anaifuta fizikia.

Ndipo Wankyo aliposimama. Akaomba mtama kwa mpishi, akaumwaga kwenye sakafu ya saruji ya baraza, ukatapakaa. Akaweka toroli la mawe mbali kidogo, pasipo na mtama, akafunga kamba, akampa Mwita. "Simama kwenye mtama, uvute."

Mwita akavuta kwa mbwembwe. Miguu ikamtoka, akakaa chini puu. Toroli halikusogea. Akainuka, akavuta tena, akakaa tena, wenzake wamelala kwa kicheko. Wankyo akachukua ufagio, akafagia mtama wote. "Sasa vuta." Toroli likaja kama mbuzi anayeletwa sokoni.

Mwita akasimama, kamba mkononi, anatazama miguu yake. Halafu akapiga kelele, "Ni sakafu! Mimi naisukuma sakafu nyuma, nayo inanisukuma mbele! Ng'ombe wanaisukuma ardhi! Ndiyo maana kwenye tope..." Uso ule siusahau. Nimeona watu wakipata dhahabu, sijaona uso wa namna ile.

Mkaguzi akamtazama Wankyo. "Lakini zile nguvu mbili za kamba ziko sawa. Kwa nini hazifutani?"

"Moja inaushika mkokoteni, nyingine inawashika ng'ombe," Wankyo akasema. "Mwita akila, mzee, mimi sishibi."

Mkaguzi akafunga kalamu yake. Kisha akamwambia Mkuu wa Shule, "Fizikia ibaki. Na mjenge maabara, ng'ombe hawatakubali kila mwaka." Mkuu wa Shule akanipa mkono mbele ya watu wote. Niliushika mkono ule kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, na wala sioni haya kusema nilikusudia.

Siwezi kuwaambia wote walibaki. Dhahabu iliwarudisha baadhi yao kabla ya mtihani, na hilo bado linaniuma. Mwita alifanya mtihani, akafaulu, akarudi kwenye biashara yake ya usafirishaji kwa hiari yake. Wankyo alichaguliwa kidato cha tano, masomo ya sayansi, na Mzee Nyamhanga alimsindikiza mwenyewe mpaka stendi ya Tarime, anawaambia hata wasiomuuliza bintiye anakwenda kusomea nini.

Mimi nimestaafu sasa, nalima Nyanungu. Watu hunihurumia eti nimeishi karibu na dhahabu nikatoka na chaki. Wanihurumie tu. Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilipita kando ya uzio wa mgodi mkubwa nikitoka kufuatilia mafao yangu. Ndani, mtambo ulikuwa umeinua chuma kikubwa kama nyumba, wanaume wamekizunguka. Katikati yao alikuwapo mwanamke mwenye kofia ngumu nyeupe. Akainua mkono, na chuma kile kikasimama hewani. Akawafokea kitu kwa Kikurya, wakasogea nyuma haraka, wote, hata wazee kati yao. Kisha akashusha mkono polepole, na chuma kikashuka nao.

Alikuwa Wankyo. Nilijivuna mpaka kifua kikaniuma, nikashika uzio kwa mikono miwili. Mlinzi akaniuliza, "Mama, unamtafuta mtu?"

Nikamwambia hapana. Nilitamani kumwita kwa sauti ile ya darasani, lakini sikumwita. Alikuwa kazini.