Sakafu ya Gari la Afande

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo uso huniwaka kwa aibu. Nilikuwa kijana, tumetoka Kivu ya Kusini, Kongo, miaka michache tu nyuma. Mama yangu alikuwa analima mahindi kule Misiera, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nami nilikuwa nimepata kazi ya kuchomelea katika gereji moja ya Kakoba, mjini Mbarara. Mikono yangu ilikuwa myepesi, na kila mtu aliniambia hivyo. Nadhani hapo ndipo nilipoharibikia.

Mwanajeshi mmoja mstaafu, tuliyemwita Afande, alituletea gari lake, Pijo 404 ya zamani aliyoipenda kama mtu wa nyumbani. Sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu, hasa chini ya kiti cha abiria cha mbele. Ukigonga kwa nyundo, vipande vinadondoka kama magome ya mti. Kazi ya haki ilikuwa kukata bati lote bovu hadi kwenye chuma kizima, kisha kuchomelea jipya. Mimi nikaona ni kazi ndefu. Nikabandika bati jembamba juu ya kutu, nikapaka lami, nikatandika kapeti. Ilipendeza, mwanangu! Afande alinikumbatia.

Wiki moja baadaye alirudi na mkungu wa matoke kunishukuru. Siku hiyo mama alikuwa amekuja kunitembelea, na sasa alikuwa anajiandaa kurudi.

"Huyu ni mama yako?" Afande akauliza. "Mimi mwenyewe napeleka yeye mpaka nyumbani. Mama, kaa mbele."

Mama akafurahi, akashika mlango. Nami nikaiona barabara ya Nakivale na mashimo yake yote, na kiti kile juu ya bati lililooza.

"Mama, usipande!"

"Juu ya nini nisipande, mutoto wangu?"

Nikasema yote pale pale, mbele yao wawili. Afande aliinua kapeti, akachukua bisibisi, akasukuma. Ikazama hadi kwenye mpini. Akaniuliza taratibu, angali amepiga magoti:

"Mke yangu ni mgonjwa ya miguu. Wiki mzima nabeba yeye hapo, hospitali na kurudi. Kwa yeye, wewe hukuogopa?"

Angenipiga ningeona nafuu. Mama ndiye aliyesema, "Baba, utusamehe. Atairudilia. Mimi nitabakia hapa mupaka amalize."

Na kweli akabaki. Nikang'oa viti, nikafunga mabomba ya chuma kwenye nafasi za milango ili bodi isipinde, nikakata, nikakata tena, mpaka nikafikia chuma kinachong'aa. Boriti za chuma za pembeni, chini ya milango, nazo zilikuwa zimeoza kwa ndani. Nikazibadilisha bila kuambiwa. Mama alikaa karibu akichambua maharage. Hakunilaumu hata kwa neno moja.

Nilipomaliza, Afande alikuja na mkewe, tukamsaidia mke huyo kuketi kiti cha mbele. Akakanyaga chini mara moja, mara mbili, akatabasamu.

"Ile wiki nilikuwa nainua mguu," alisema. "Nilisikia chini inabonyea. Sikusema, sababu mzee alikuwa na furaha mingi."

Nikageukia ukutani, nikalia. Mama yangu akapanda kiti cha nyuma, wakaondoka wote watatu kwenda Nakivale.

Mwanangu, yule mke wa Afande alificha hofu yake kwa kumpenda mumewe. Mimi nilikuwa nimeficha uvivu wangu. Ukishika kazi ya mtu, jua kwamba kuna usiyemfahamu atakayeitegemea, na huyo naye ana wanaomngoja nyumbani. Usisubiri awe mama yako ndipo uogope. Na ukikosea, sema mapema, hata mbele ya wale ambao ungependa wakusifu. Aibu ile haikuniua. Ndiyo iliyonifanya fundi.

Mungu ailinde mikono yako. Akupe watu watakaokaa karibu nawe unapoirudia kazi uliyoiharibu, na kila atakayeketi juu ya kazi yako afike kwake salama.