Mume Aliyeijua Njia ya Maporomokoni

Fundi cherehani alimwambia mdogo wake waziwazi: mwanamume aliyekaa miaka ishirini na sita bila likizo hazuki tu siku moja na kusema, "Jiandae, mama watoto, tunakwenda mlimani siku mbili."

"Labda amekukumbuka, dada."

"Amenikumbuka, au ana la kuungama?"

Sababu za kushuku alikuwa nazo. Mumewe, mchomeleaji katika karakana ya mageti, alikuwa amebadilika tangu mwaka jana. Simu ikilia, hutoka nayo uani. Akisemeshwa mezani, hutabasamu tu kama mtu aliye mbali. Na kila mwezi alikuwa na Jumamosi moja ya "kazi ya nje", akirudi viatu vimejaa tope, nguo hazina hata harufu ya chuma.

Basi wakaenda. Yalikuwa majira ya kuchipua. Theluji ya kileleni ilikuwa ikiyeyuka na vijito vimejaa pomoni. Langoni, mlinzi wa hifadhi, mwanamke wa makamo, akakunjua uso: "Mzee wa Jumamosi! Karibu tena."

Tena? Damu ilimchemka fundi cherehani. Akamkagua yule mlinzi kuanzia buti hadi kofia, kama anavyokagua mshono wa fundi mwenzake.

Mume akatangulia, bila kutazama kibao hata kimoja. Alijua jiwe gani linateleza na daraja lipi lina ubao mbovu.

"Njia hii umeijulia wapi?" mke akauliza mgongo wake. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Huyu hata aibu hana, akajisemea.

Maporomoko yalikuwa yakishuka kwa kishindo, wageni wakipigiana kelele na kuonyeshana kwa mikono. Hapo ndipo mume alipogeuka, uso umemlainika.

"Ni nani huyo?" mke akamfokea. "Ni yule wa langoni? Sema!"

Mume aliitazama midomo yake, akaangua kicheko hadi akashika mbavu. Kisha kicheko kikamwishia. Akamvuta nyuma ya mwamba, palipokuwa na utulivu kidogo.

"Masikio yangu yamekwisha, mke wangu. La kulia halisikii kitu, la kushoto linasikia nusu. Kelele za karakana zimeyamaliza. Hapa kila mtu ni kiziwi kama mimi, kwa hiyo napumzika."

"Na simu?"

"Natoka nayo niiongeze sauti hadi mwisho. Hata hivyo nakisia tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijaribu. Nikaona bora nikulete huku."

Hakumwamini papo hapo. Wakati wa kushuka, msituni kukiwa kimya, alibaki nyuma, upande wa kulia wa mumewe, akaita kwa sauti jina la utani ambalo mumewe alilichukia tangu ujana: "Kichwa Boga!" Mume akaendelea kutembea. Akaita tena, hakugeuka. Kisha akakimbia, akamshika mkono wa kushoto.

Hata hivyo, langoni alimnong'oneza mlinzi: "Huwa anakuja na nani?"

"Na chupa yake ya chai, mama. Anakaa kwenye jiwe, basi."

Jumatatu alimpeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio. Mume alipata kifaa cha sikio la kushoto, na msimamizi wake, badala ya kumfukuza, akamhamishia upande wa kuchukua vipimo vya mageti, kusiko na kelele. Siku tatu za kwanza alinung'unika kwamba nyumba ina makelele mno.