Kigoda cha Jirani Yangu

Siku hizi ukipita soko letu la Mbugani, hapa Kyela, utasikia wasichana wakiambiana, "Shoga, nipigie kigoda, nakuja." Maana yake: niuzie, nilindie nafasi. Juzi kule Kasumulu nilimsikia hata dereva wa bodaboda akimwambia mwenzake hivyohivyo, naye kigoda hana, ana pikipiki! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona hayakatiki. Lile neno nalijua tangu halijawa neno.

Masika moja, zamani kidogo, mwanangu wa mwisho alilazwa Mbeya, nami nikabaki naye wodini. Mchele wangu niliuacha kwa jirani yangu wa sokoni, muuza maharage, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko wangu. Nilikuwa na hofu mbili: mtoto na nafasi. Kwetu nafasi ikikaa bila mtu, anapewa mwingine, na bila ile nafasi nyumbani kwangu hapapikwi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na soko zima. Msimamizi wa soko alikuja na mwanamke mwingine, beseni tayari kichwani. Jirani yangu akainuka, akachukua kigoda chake, akakiweka nyuma ya mchele wangu, mwenyewe akaketi chini kwenye gunia.

"Huoni kigoda? Mwenyewe yupo."

"Kigoda nakiona, mama. Mtu simwoni."

"Kwani hapa unaongea na nani? Mchele unataka, hutaki?"

Msimamizi akaondoka. Akarudi kesho yake, na siku nyingine tena. Kigoda kipo, mama yuko chini, mkono huu maharage, mkono huu mchele. Wabeba mizigo wakaanza kumtania: "Leo tena unapiga kigoda?" Wao ndio waliolichukua neno, wakalitembeza soko zima pamoja na magunia ya watu.

Nilirudi na mtoto akitembea kwa miguu yake, Mungu ni mwema, na nafasi yangu nikaikuta. Nikamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, dada," nikaanza kulia. Akanijibu nisimlilie juu ya maharage, yataota.

Wiki hii yeye ndiye aliyekwenda kufanyiwa upasuaji wa macho. Aliondoka na wasiwasi wa nafasi yake, ingawa alijifanya hana. Asubuhi nikaweka kigoda changu nyuma ya maharage yake, nikatandika gunia kati ya biashara zetu mbili, nikaketi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kama kawaida ya Kyela. Kabla mteja wa kwanza hajafika, maji yalishapenya gunia na kitenge, na kiuno kilishaanza kuuma.

Masika yale yote alikaa hapa, na hajawahi kuniambia kwamba chini kuna maji.