Siku Spika Ilipomwaga Siri ya Mzee Deogratias

Jamani, mpaka leo nikipita Nyantakara uso unaniwaka kwa aibu, maana kuna kijiji kule wananijua kwa jina moja tu, yule dada wa spika, na wala hawanionei.

Nilikuwa msaidizi wa profesa wangu wa sosholojia kwenye utafiti wa uzee, tunazunguka Ngara na Biharamulo kuwauliza wazee wanaonaje matibabu, na siku ya kwanza tu pale kijijini nikarekodi kwa simu mahojiano matamu ajabu (nilitetemeka kwa furaha, siwadanganyi) na Mzee Deogratias, ambaye kila mwezi huaga kwake kwamba anafuata dawa za presha zahanati, kumbe anaishia kwa rafiki yake kunywa rubisi, ile pombe ya ndizi. Akaniomba yabaki kati yetu, nikamwapia.

Kesho yake tukawa na mkutano wa wazee. Nikaona wamepoa, nikasema ngoja niunganishe simu yangu na spika niweke muziki kidogo wachangamke, uamuzi mdogo tu huo, nikabonyeza, na badala ya muziki ikatoka sauti ya Mzee Deogratias, kubwa, safi kabisa: "Mimi siendi zahanati. Pale dirishani unaulizwa kwa sauti unaumwa nini, na nyuma yako kwenye foleni wamesimama wakwe zako."

Mkewe alikuwa safu ya mbele. Wakwe walikuwepo. Muuguzi wa zahanati naye yupo (tulimwalika wenyewe). Nikabonyeza nizime, nikaongeza sauti, nikabonyeza tena, simu ikagoma, nikachanganyikiwa nikatoka mbio nayo hadi nyuma ya jengo, kana kwamba sauti ilikuwa mkononi mwangu, na kule ndani spika inaendelea kutaja rubisi, na jina la rafiki, na shida ya kukojoa.

Niliporudi rekodi ilikuwa imeisha. Mzee Deogratias akasimama, akavua kofia, nikajua nimekwisha. Akawauliza wenzake taratibu ni nani kati yao huwa anasema ukweli pale dirishani. Bibi mmoja akajibu kuwa yeye miaka yote hutaja kichwa, na anaumwa kwingine kabisa. Basi ukumbi ukalipuka, Kisubi cha kwao na Kiswahili vikachanganyika, kila mtu anataka kusema, mimi naandika, na muuguzi akaahidi kwamba sasa wazee wataingia ndani, mlango ufungwe, ndipo waulizwe.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Deogratias kuomba radhi. Nikapiga magoti, nikamwamkia, naye akaitika.

"Marahaba. Mjukuu wangu, siri nilikupa wewe, sikuipa spika."

Mkewe akacheka chini kwa chini, akasema mwezi ujao atamsindikiza zahanati mwenyewe.

Profesa alinikemea vikali, kisha akakiri hajawahi kusikia wazee wakifunguka namna ile. Mimi nimejiapiza, mkutano wowote nitauchangamsha kwa koo langu, hata likauke.