Miezi Minane Nikimsalimu Kama Mteja

Bado naikumbuka Jumamosi ile, mdogo wangu, wewe unayeanza kujifunza Kichina wiki hii. Nikiifikiria, uso unaniwaka.

Nilikuwa nimemaliza chuo pale Doornfontein, sina kazi. Kwa miezi minane nilikwenda kwenye duka la mboga la familia moja ya Kichina, si mbali na kwetu Kensington. Bibi wa duka alinifundisha lugha bure huku tukichambua vitunguu vya majani, kisha ananilisha. Mwanawe, Bwana Liu, aliahidi kuniajiri kwenye kaunta, ila mama yake akubali kwanza.

Nami nilijiandaa kupita kiasi, kama kawaida yangu. Nilirudia "ni hao", salamu ya Kichina, kwenye kila roboti, yaani taa za barabarani, zikiwa nyekundu. Nikifika, nainama kidogo: "Ni hao!" Bibi anatikisa kichwa, anaendelea na kazi, nami nashinda nikijiuliza kama nimekosea sauti. Bwana Liu yeye akiingia husema "Ma!" tu, basi. Nilimwona hana adabu.

Jumamosi hiyo niliulizia kazi. Bibi akasema maneno mengi, haraka haraka. Bwana Liu akaangalia sakafu.

"Mama hataki. Anasema miezi minane unakula kwake, na bado unamsalimu kama mteja."

"Lakini namsalimu kila nikija!"

"Ndiyo. Kama mteja."

Bwana Liu akanieleza, nami kitunguu mkononi. Kumbe "ni hao" ni ya watu wasiozoeana. Nyumbani kwao mdogo humsalimu mkubwa kwa kumwita: mama, shangazi, bibi. Kumwita ndiyo salamu yenyewe. Yaani niliyemwona hana adabu ndiye aliyekuwa akisalimu, na mimi na kuinama kwangu kote nilikuwa napita tu!

Nilipomsimulia mama yangu, mtu wa Tanga, alishika kiuno.

"Eish, wewe! Nimekulea na shikamoo mama, shikamoo bibi, halafu mzee wa watu unamsalimu kama muuza duka?"

"Mama, si kweli ana duka?"

"Nyamaza!"

Jumatatu nilirudi. Nikasema, "Nainai," yaani bibi. Neno hilo moja, na nadhani hata sauti niliikosea.

"Umekuja," Bibi akasema, na kunisogezea stuli. Bwana Liu akaniambia nianze kesho yake.

Basi, mdogo wangu, usitangulize matamshi. Ukiingia nyumbani kwa watu, tazama nani mkubwa kuliko wote, umwite yeye kwanza, kwa nafasi yake. Usipoijua, uliza, "Nikuiteje?" Mimi niliogopa kuuliza, nikaonekana mgeni miezi minane. Kwa usiyemjua, "ni hao" yako inatosha. Ila ukishalishwa, haitoshi tena.

Mungu akujalie wazee wa kuwaita, nao wakuitikie.